Ziwa tulilolifuata, kijito tulichokiruka: uchambuzi wa kisa cha joto na maji baridi milimani

Usuli

Kisa hiki ni cha safari ya siku 2 ya kutembea milimani wakati wa joto kali. Majina, mahali na tarehe nimeviondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadili. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Kiongozi wa safari nilikuwa mimi, kwa hiyo msomaji anayetafuta wa kumlaumu asihangaike.

Tulikuwa watu 8: mimi, msaidizi wangu, na wasafiri 6. Wawili kati yao ndio watakaotushughulisha. Wa kwanza nitamwita Mama, mwanamke wa miaka 50 na kitu, mtembeaji wa siku nyingi, mcheshi, asiyependa kusubiriwa njiani. Wa pili nitamwita Kijana, wa miaka 22, mwogeleaji hodari aliyejifunzia kwenye bwawa la kuogelea na ambaye hajawahi kuogelea nje ya bwawa. Hilo la mwisho nililijua baadaye. Nilimuuliza kama anajua kuogelea, akasema anajua, nikaridhika. Sikumuuliza anaogelea wapi.

Kilichowavutia watu ni ziwa. Kwenye ramani kulikuwa na maziwa 2: la chini, pana, lenye ufukwe wa mchanga upande wa mashariki, na la juu, dogo, lililobanwa na mwamba. Mpango ulikuwa kuoga kwenye la chini mchana wa siku ya pili, kupumzika, kisha kushuka. Hilo la juu nililiweka kama akiba. Nikikumbuka nilivyolitamka neno "akiba" asubuhi ile najicheka, maana akiba iliyo mbali kuliko mfuko wenyewe haina kazi.

Kilichotokea

Tulipaswa kuondoka saa 12 na nusu asubuhi. Tuliondoka saa 2 kasoro robo, kwa sababu mahema yalikuwa na umande na watu walitaka yakauke kwanza. Saa moja na robo ya ubaridi ikaishia kwenye kukausha vitambaa.

Njia ilivuka kijito kimoja mara 3: saa 3, saa 4 na nusu, na saa 5 na robo. Maji ya magoti, yanayotiririka juu ya mawe, yenye kivuli cha miti kwenye kivuko cha pili na cha tatu. Kila mara kuna aliyetaka kusimama, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, na mara 2 lilitoka kinywani mwangu: "Twendeni, tutaoga ziwani." Watu waliruka jiwe kwa jiwe ili buti zisilowe.

Tulifika ziwa la chini saa 6 na dakika 10. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 33 kivulini. Ufukwe ulikuwa mzuri kama ulivyosifiwa, ila maji ya ukingoni yalikuwa na utando wa kijani, kama rangi ya mafuta iliyomwagwa ikaachwa isambae yenyewe. Nilichukua kijiti nikakoroga. Mwani wa kawaida hujisokota kwenye kijiti na kuning'inia kama nywele zilizolowa. Huu haukujisokota, ulitawanyika majini, na kijiti kikatoka na rangi tu. Nikasema hapa haogi mtu, haoshi uso, wala hachoti maji ya kunywa.

Malalamiko yalikuwepo, ya haki kabisa. Msafiri mmoja akasema, "Kiongozi, siku 2 tunatembea kwa ajili ya maji, sasa tunayatazama?" Nikatoa ramani, nikaonyesha ziwa la juu: saa moja na dakika 20, mpando wa mita 350 hivi, hakuna mti. Wote wakainua mikono. Hata Mama.

Katikati ya mpando Mama akaacha kutania. Nililiona hilo nikalipa tafsiri ya bure kwamba anatunza pumzi. Baadaye kidogo akamwambia msaidizi wangu, "Mwanangu, mbona nasisimka kama nina baridi?" Mikono yake ilikuwa na vipele vya baridi kwenye jua la saa 7. Msaidizi akaja kuniambia. Tulikuwa tumebakiza dakika 25 kufika, nikaamua tuendelee.

Tulifika saa 7 na dakika 40. Mama akakaa kabla ya kuambiwa akae. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inayumba. Nilimuuliza leo siku gani, tumetoka wapi, nani yuko nyuma yake. Alijibu yote sawasawa, tena kwa ukali kidogo, jambo lililonipa moyo. Tulitundika turubai juu ya fimbo 4 za kutembelea, tukamlaza kivulini, mahali kijito kinapoingia ziwani.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti namfungua Mama kamba za buti. Nikasikia kishindo cha maji.

Kijana alikuwa ameruka kutoka juu ya mwamba, kimo cha mita 3 hivi. Maji yalikuwa maangavu, chini yakionekana hadi changarawe, naye alikadiria kina kuwa kimo cha mtu na nusu. Aliibuka mita 6 kutoka mwambani. Mdomo wazi, hakuna sauti. Kichwa kimeegemea nyuma, mikono inapapasa mbele yake kama anayepanda ngazi isiyokuwapo. Wenzake wawili walidhani anacheza, mmoja akampiga picha.

Msaidizi wangu hakudhani hivyo. Alipaza sauti, "Chali! Lala chali, masikio majini!" Akarudia mara 3 au 4, neno lile lile, bila kuongeza jingine. Kijana akageuka chali. Kikohozi kikasikika, halafu pumzi. Msafiri mmoja alishaanza kuvua buti ili amfuate. Msaidizi akamzuia kwa mkono kifuani bila hata kumtazama, akachukua kamba ya mita 15 iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji uliojazwa hewa. Alipoirusha mara ya kwanza haikufika. Ya pili ilimwangukia Kijana kifuani. Alijaribu kuishika, vidole vikakataa kufumba. Akapitisha kiwiko kwenye kitanzi, tukamvuta.

Tangu kuruka hadi kutoka ni dakika 3, pengine na nusu.

Basi tukawa na watu wawili, hatua 20 kati yao: mmoja anaungua, mwingine anatetemeka meno yakigongana, na turubai ni moja.

Maamuzi, na sababu zake

Kukataa ziwa la chini. Utando wa namna ile ni dalili ya sianobakteria, viumbe vidogo ambavyo baadhi vina sumu ya ini au ya neva. Hauwezi kujua kwa macho kama zilizo mbele yako ni zenye sumu au la, na kuchemsha maji hakuondoi sumu yenyewe. Mbwa hufa kwa kulamba manyoya yao baada ya kuogelea kwenye maji kama hayo. Tungeweza kuzunguka hadi upande wa magharibi ambako maji yalionekana safi, lakini upepo ndio uliokuwa umekusanya utando mashariki, na upepo hubadilika. Uamuzi huo naushikilia mpaka leo.

Kupanda ziwa la juu. Sababu niliyoitoa ilikuwa kwamba watu wanahitaji kupoa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimewaahidi kuogelea na sikutaka kurudi na ahadi mkononi. Kivuko cha 3 kilikuwa nyuma yetu chini ya saa moja tu, tena mteremko, kwenye kivuli. Hakuna aliyekitaja, na mimi ndiye niliyepaswa kukitaja.

Kuendelea baada ya Mama kusisimka. Hili ndilo kosa zito zaidi kwangu. Vipele vya baridi juani ni mwili unaokwambia mpango wake wa kutoa joto unaanza kushindwa. Ilipaswa kuwa kusimama papo hapo, turubai juu, maji ya chupa kwenye shati. Tulikuwa na lita za kutosha. Nilizitunza kwa ajili ya kunywa, huku ziwa zima likiwa mbele yetu dakika 25.

Kumpoza Mama. Tulimlowesha shati na kofia, tukamwekea mikono hadi viwiko na miguu hadi vifundoni ndani ya kijito, tukampepea kwa mkeka wa kulalia. Tulimpa maji yenye chumvi na sukari kwa funda ndogo. Sikumtosa ziwani. Alikuwa na akili timamu, amechoka na joto. Hakuwa na kiharusi cha joto. Angekuwa amechanganyikiwa au kuzimia, ningemlaza majini hadi shingoni, kichwa kimeshikwa, pale pale bila kusubiri msaada, kwa maana kiharusi cha joto hutibiwa kwa kupozwa kwanza na kusafirishwa baadaye. Kuna watu bado wanasema maji baridi hufunga mishipa ya ngozi na kuzidisha joto la ndani. Mishipa hufunga kweli, lakini maji bado hunyonya joto kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kulizuia.

Kumpasha Kijana. Nguo zilizolowa tulizivua zote, tukamvisha kavu, tukamfunga ndani ya mfuko wa kulalia mbali na upepo. Turubai tulimwachia Mama.

Matokeo

Mama alianza kututania tena baada ya dakika 40 hivi. Saa 10 alikwenda haja ndogo, ishara niliyokuwa naisubiri kuliko zote. Kijana alitetemeka kwa nusu saa na kukohoa kidogo. Kwa kuwa alikuwa amevuta maji, hatukumwachia hivi hivi: tulishuka saa 11 jua lilipolegea, tukamaliza kwa kurunzi, na usiku huo akapimwa mapafu kwenye kituo cha afya. Yalikuwa safi. Hakuna aliyelazwa.

Kwenye kivuko cha 3, wakati wa kushuka, watu waliingia kijitoni na buti zao.

Uchambuzi

*Kupoa si kuogelea*

Tulichanganya haja mbili. Kuogelea ni starehe, na inahitaji ziwa. Kupoa ni hitaji la mwili, na linatosheka kwa maji ya kofia moja yakitumiwa vizuri. Lita 1 ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Maji ya kijito yakikauka juu ya shati hufanya kazi ile ile, tofauti ni kwamba hayatoki ndani ya mwili wako. Shati la pamba, ambalo watembea milima hulikataa siku za baridi kwa kuwa halikauki haraka, siku ya joto kavu ndilo bora kwa sababu hiyo hiyo. Siku yenye unyevu mwingi hewani mbinu hii hudhoofika, na hapo ni heri kuzamisha mikono.

Viganja na nyayo vina mishipa ya pekee inayopitisha damu nyingi karibu na ngozi mwili unapokuwa na joto. Ndiyo maana wazima moto hupumzishwa kwa kuzamishwa mikono hadi viwiko katika maji kwa dakika 15 hadi 20. Kivuko chetu cha 2 kilikuwa na kila kitu: maji yanayotiririka, mawe ya kukalia, kivuli. Tungetoa dakika 15 pale na 15 kwenye cha 3, sidhani kama Mama angefika alikofika. Alipita juu ya dawa yake mara 3, akiangalia asiloweshe buti, kwa amri yangu.

*Kwa nini ziwa la juu lilikuwa baridi kiasi kile*

Tulipotulia nilifunga kipimajoto kwenye uzi na kukishusha. Kwenye maji ya vifundo, pale Mama alipokuwa, nyuzi 17. Chini ya mwamba, juu kabisa, nyuzi 11. Chini kabisa, kwenye mita 4, nyuzi 8. Siku ya pili yake msaidizi alirudi na mwenzake kuchukua fimbo tuliyoisahau, akazunguka hadi ufukwe wa changarawe upande wa mashariki: nyuzi 18, ziwa lile lile.

Jua hupasha tabaka la juu tu. Maji ya moto kiasi ni mepesi, hivyo huelea juu ya yale mazito ya baridi, na kati yao kuna mpaka ambao mwogeleaji huuhisi miguuni kama kisu. Upepo ukivuma siku kadhaa upande mmoja husukuma lile tabaka vuguvugu hadi ufukwe wa mbali, na kwenye ufukwe unakotoka upepo maji ya chini hupanda kujaza nafasi. Upepo wetu ulikuwa wa magharibi. Kwenye ziwa la chini tulifika mashariki, ulikorundikwa utando. Kwenye la juu tulifika magharibi, yalikopanda maji ya chini. Ni upepo mmoja, na ulituadhibu mara mbili kwa sababu hatukuuliza unatoka wapi.

Ramani nayo ilisema, kwa anayeisoma. Mistari ya kimo iliyosongamana hadi ukingoni mwa maji ina maana ya mwamba unaoendelea kuteremka ndani ya ziwa: kina kirefu kuanzia hatua ya kwanza. Mistari iliyoachana ni ufukwe wa kuingia taratibu. Mimi niliisoma ramani ile kwa ajili ya miguu tu.

Na wale wanaotembea nchi za joto, mabonde ya chini, wana swali jingine la kuongeza: kichocho. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono ndiyo ya kuhofia. Vimelea hutoka kwa konokono zaidi saa za mchana wenye jua, ndizo hizo hizo saa za kutamani kuoga, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Aliyeingia asifikirie kwamba kidonge cha siku hiyo kinamaliza habari. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa, kwa hiyo kupima na kutibiwa hupangwa wiki kadhaa baada ya kuoga.

*Kijana hakushindwa kuogelea*

Alishindwa kupumua. Ngozi ikipoa ghafla, mwili huvuta pumzi moja kubwa bila kumwomba mwenyewe ruhusa, kisha hupumua mbio mbio, moyo ukienda kasi na shinikizo la damu likipanda. Pumzi ile ya kwanza ikikukuta chini ya maji, unavuta maji. Mshtuko huu huwa mkali kabisa katika nusu dakika ya kwanza na hupungua ndani ya dakika 2 au 3, na hauhitaji barafu: maji ya nyuzi 10 hadi 15 yanatosha kuuamsha kikamilifu. Ustadi wa bwawani hauuzuii. Kinachoupunguza ni mazoea ya maji baridi yenyewe. Kuzama mara 5 au 6 kwa dakika chache chache, siku tofauti, huupunguza sana.

Gordon Giesbrecht wa Kanada, aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, huufupisha mpangilio huu kuwa 1-10-1: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kukutii, saa 1 kabla ya kuzimia kwa baridi. Vipimo hivyo ni vya maji ya barafu, lakini mfuatano ni ule ule. Vidole vya Kijana vilikataa kamba kabla hata ya dakika 3, na ndiyo sababu kitanzi kilikuwa na thamani kuliko kamba tupu.

Kukadiria kina kulimdanganya pia. Maji maangavu hupinda mwanga, na ukitazama wima kina huonekana kama robo tatu tu ya kilivyo. Ukitazama kwa mshazari, kifupi zaidi. Safari hii udanganyifu ulimwokoa shingo, kwa kuwa alikuta kina kirefu kuliko alivyodhani. Jiwe moja pembeni lingebadilisha hadithi.

*Kilichofanya kazi*

Asubuhi, kabla ya kuondoka, msaidizi wangu alisimama akaeleza kwa dakika 2 namna ya kuelea: chali, masikio majini, kidevu juu, usiogelee mpaka pumzi irudi. Nilimharakisha, maana tulikuwa tumechelewa. Alimaliza hata hivyo. Kijana aliniambia baadaye kwamba hakusikia sentensi yoyote kutoka ufukweni ila neno "chali", na kwamba alilielewa kwa sababu alishaliona likionyeshwa kwenye nyasi.

Kamba ilikuwa juu ya mkoba, si chini yake. Na mtu wa pili hakuingia majini. Angeingia tungekuwa na wawili wa kuvuta.

*Tunakopishana*

Msaidizi anaona sheria inapaswa kuwa moja: kuruka marufuku, ziwa lolote. Mimi naona marufuku tulikuwa nayo, sema haikutamkwa pale ilipohitajika, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwa Mama. Kundi la watu 8 wenye joto likifika majini, dakika 5 za kwanza ni za hatari kuliko zote, na kiongozi akiwa na mgonjwa hana budi kumkabidhi mtu ufukwe kwa jina: "Wewe, maji ni yako, hakuna anayeingia mpaka uyapime." Msaidizi alijikabidhi mwenyewe. Sikumwambia.

Tangu hapo ramani zangu za safari za joto zina alama za aina mbili. Duara la bluu ni maji ya kupoa: vijito, vivuko, chemchemi, na karibu yake nimeandika saa tutakayofika. Maziwa nayawekea alama ya kuuliza, pamoja na mshale wa upepo ambao naujaza kwa penseli asubuhi ya siku yenyewe. Kipimajoto sasa kinakaa kwenye uzi wake, na uzi una fundo kila mita.